Miwani ya rubani: tuliiga umbo, tukaacha kioo

Mwaka jana nilifanya kosa kwa pesa ya vijana. Kikundi chetu kilifyatua matofali kwa miezi 3, tukauza, na pesa ilipoingia tukakaa chini ya mti kuamua inunue nini. Wengine walitaka mpira, wengine jezi. Vijana wa baiskeli, wale wanaobeba abiria na magunia kutoka njia panda mpaka kambini, walisema jua na vumbi vinawamaliza macho. Mmoja wao tunamwita Rubani, kwa sababu tangu darasa la nne anasema atarusha ndege. Yeye alikuwa amekwisha kuchagua: miwani nyeusi, fremu ya rangi ya dhahabu, vioo vyenye umbo la tone la maji. Akaniambia, "Animata, hii ndiyo marubani wanavaa. Rubani hawezi kuvaa kitu kibaya, anabeba watu."

Nikaona ni neno la akili. Nikanunua 12 kwa mchuuzi, kila moja na stika ya UV400 na kifuko chenye picha ya ndege.

Wiki ya tatu, saa ile jua limezama lakini giza bado, kijana mmoja alishuka mteremko wa kisimani akiwa amevaa miwani yake. Hakumwona mama aliyekuwa anapanda na dumu la maji. Mama alianguka, mkono ukavunjika. Tulipokaa kikao na familia, mzee mmoja alimsikiliza kijana mpaka mwisho, halafu akanigeukia mimi, siyo yeye. "Sasa, Animata, na marubani nao wanagonga watu?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Swali la yule mzee ndilo lilinifanya nianze kusoma. Nilitaka kujua miwani hii ilitoka wapi, nani aliitengeneza na kwa shida gani. Nimeandika hapa nilichopata, maana naona bado inauzwa, na bado tunainunua kwa sababu ileile ya Rubani.

Nianze karibu na nyumbani. Ndege zilifika Ziwa Tanganyika mapema kuliko nilivyodhani. Mwaka 1916, katikati ya vita kuu ya kwanza, Wabelgiji walileta ndege 4 za kutua majini, wakaziweka karibu na Mtoa, kaskazini kidogo ya mji ambao leo ni Kalemie. Mwezi wa 6 mwaka huo ndege hizo zilivuka ziwa kwenda kudondosha mabomu Kigoma, zikiitafuta meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Meli hiyo unaijua. Wajerumani waliizamisha wenyewe walipokimbia, Waingereza wakaiibua, na tangu mwaka 1927 inaitwa Liemba. Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi Congo, na mwaka 2015 ilibeba Warundi kutoka Kagunga. Kuna watu kambini hapa wamelala juu ya sakafu yake.

Lakini turudi kwenye ndege. Aliyevuka ziwa lile saa sita mchana anajua kwamba jua linakupiga mara mbili, mara moja kutoka juu na mara ya pili kutoka majini. Rubani wa 1916 alikaa wazi kabisa, kichwa nje, hakuna paa. Alikuwa na miwani ya kufunga na mkanda nyuma ya kichwa, ndiyo, lakini kazi yake haikuwa jua. Ilikuwa ya kuzuia upepo, baridi na mafuta, kwa sababu injini za siku zile zilitema mafuta nyuma. Mng'ao alivumilia tu kwa kukunja uso, kama sisi.

Ndege zilipoanza kupanda juu sana ndipo macho yakawa tatizo lenyewe. Hapa inabidi niende Marekani, kwenye uwanja wa majaribio ulioitwa McCook Field, mjini Dayton, jimbo la Ohio. Jeshi lilikuwa linajaribu kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini ili ndege isichoke huko juu ambako hewa ni nyembamba. Tarehe 27 Februari 1920 meja mmoja, Rudolph Schroeder, alipanda na ndege ya namna hiyo mpaka mita zaidi ya 10,000. Hakuna mtu aliyekuwa amefika huko kwa ndege. Alikaa wazi vilevile, na baridi ilikuwa imepita nyuzi 50 chini ya sifuri. Oksijeni yake ikaharibika. Akainua miwani ili aone vizuri anachokifanya, na pale pale majimaji ya macho yake yakaganda. Akazimia. Ndege ikaanguka kilomita nyingi ikiwa na mtu asiyejitambua ndani. Karibu na ardhi, hewa ilipokuwa nzito tena, akapata fahamu, akaikamata ndege, akatua. Akitua karibu haoni kitu. Wakampeleka hospitali.

Nilisoma habari hii mara mbili kwenye simu ya ofisi ya vijana, nikaizima simu nikakaa kidogo. Yule mtu aliinua miwani kwa dakika chache tu.

Rubani mwenzake uwanjani pale alikuwa John Macready. Inasimuliwa kwamba alikuwepo Schroeder alipotua, na akayaona yale macho. Na yeye ndiye aliyerithi kazi ile: mwaka 1921 alipanda juu kuliko Schroeder, na mwaka 1923 yeye na mwenzake Oakley Kelly wakavuka Marekani nzima kwa ndege, bahari hadi bahari, bila kutua. Ni mtu aliyekaa na jua usoni kuliko karibu wote wa wakati wake. Huko juu ya mawingu anga haina vumbi la kupunguza mwanga, na mawingu meupe chini yanakurudishia jua kama bati jipya. Marubani walikuwa wakishuka wanaumwa kichwa na kusikia kichefuchefu. Simulizi inasema Macready alikaa na mafundi wa kampuni ya Bausch & Lomb, ya mji wa Rochester, kutafuta kioo cha kupunguza mng'ao bila kumfanya rubani kipofu.

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1853 na wahamiaji wawili kutoka Ujerumani, John Jacob Bausch na Henry Lomb. Nalitaja tu kwa sababu wasomaji wetu wanapenda kujua mambo kama hayo, na mimi pia.

Mwaka 1936 walitoa mfano wa kwanza, wakauita kwa maneno yanayomaanisha tu "dhidi ya mng'ao". Mwaka 1937 wakaubadilisha jina: Ray-Ban, yaani kizuia mionzi. Sasa tazama lile umbo tunalolipenda. Kioo kinashuka mpaka shavuni. Sisi tunadhani ni urembo. Kumbe rubani anatumia muda mwingi kutazama chini, kwenye vipimo vilivyo mbele ya magoti yake, na miwani ya kawaida ikiishia katikati ya jicho, mwanga unaingia kwa chini. Kwa hiyo waliteremsha kioo kifuate jicho linakokwenda. Fremu ikawa waya mwembamba ili isizibe pembeni, maana ndege nyingine inaweza kutokea upande wowote. Mikono mingine ilipinda kuzunguka sikio ili upepo usiichukue. Na kioo kilikuwa cha kijani, kwa sababu jicho la mtu linaona vizuri zaidi kwenye rangi zilizo katikati ya kijani na njano, na kioo kile kilipunguza buluu ya anga.

Hakuna kitu pale kilichowekwa bure. Kila mkunjo ulijibu swali la mtu fulani aliyekuwa kazini. Wakati wa vita vya pili walifika mpaka kutengeneza kioo kilichopakwa rangi ya kioo cha kujitazama sehemu ya juu tu, na chini kikaachwa wazi kidogo: juu kuna jua, chini kuna vipimo vya kusoma.

Vita hivyo ndivyo vilivyoipeleka miwani duniani. Oktoba 1944 jenerali Douglas MacArthur alipigwa picha akitembea ndani ya maji kuingia kisiwa cha Leyte, Ufilipino, miwani myeusi usoni. Picha ile ilikwenda kila mahali. Tangu hapo, mwanajeshi mkubwa akitaka kuonekana mkubwa anajua la kuvaa. Sinema ya Top Gun ya mwaka 1986 ikamalizia kazi, vijana wa raia nao wakaikimbilia.

Niseme kitu cha kwangu hapa. Nikiwa mtoto niliijua miwani hii kabla sijajua neno rubani. Niliijua kwenye bariere. Mtu amesimama na bunduki, miwani ya umbo la tone, na mama yangu ananibana mkono kwa sababu hujui macho yake yanamtazama nani. Miwani iliyotengenezwa ili mtu aone, pale ilikuwa inafanya kazi ya kuficha. Ndiyo maana Rubani aliponiletea ile ya dhahabu, kitu ndani yangu kilikataa, lakini niliona aibu kuwaambia vijana sababu. Ningesema, labda mkono wa yule mama ungekuwa mzima. Labda.

Sasa kuna jambo ambalo lilinishangaza kuliko yote. Sisi tunafikiri tunavaa cha marubani, kumbe wanajeshi wa anga wa Marekani wenyewe waliliacha lile umbo zamani. Kufika mwisho wa miaka ya 1950 walikuwa na miwani nyingine, kwa jina la kijeshi HGU-4/P, iliyotengenezwa na American Optical. Vioo vyake vimekatwa karibu na mraba, vidogo. Mikono imenyooka, haipindi nyuma ya sikio, ili rubani aichomeke na kuichomoa akiwa amekwisha kuvaa kofia ngumu na visikilizio. Na kioo si cha kijani tena. Ni cha kijivu, kinachopitisha asilimia 15 ya mwanga.

Kwa nini kijivu? Kwa sababu kijivu hupunguza rangi zote sawasawa. Nyekundu inabaki nyekundu, kijani kinabaki kijani, vyote vimefifia tu. Redio ikifa, mnara wa uwanja humwonyesha rubani taa: ya kijani, nyekundu au nyeupe, na kila moja ina amri yake. Ramani nayo ina rangi, taa za onyo nazo. Kioo cha njano au cha buluu kinaweza kukudanganya mahali ambapo hutakiwi kudanganywa. Vijana wetu wanapenda sana kioo cha buluu cha kung'aa. Nimekwisha kuwaambia.

Basi, tofauti iliyopo kati ya soko na uwanja wa ndege ni hiyo. Soko lilibaki na umbo la 1937 kwa sababu ndilo linalouzika. Marubani waliendelea kubadilisha kioo.

Kuna njia moja ambayo nusura initie mtegoni mara ya pili. Baada ya ajali nilitaka kununua "nzuri kweli", na watu wakaniambia tafuta ya polaraizi, ni ghali lakini ndiyo bora. Aina hii ya kioo ilitokana na Mmarekani Edwin Land, ambaye mwaka 1929 alipata namna ya kutengeneza karatasi laini ya kuchuja mwanga. Kampuni yake ikaitwa Polaroid. Mwanga ukigonga maji au lami bapa, unarudi umelala upande mmoja, na karatasi ile inaukata. Kwa mvuvi ni baraka, anaona mpaka samaki chini ya maji. Lakini mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, inawaambia marubani waiache. Skrini za kisasa ndani ya ndege nazo hutoa mwanga uliolala upande mmoja, kwa hiyo ukigeuza kichwa, skrini inaweza kuwa nyeusi kabisa. Kioo cha mbele cha ndege kinaonyesha madoa ya rangi ambayo hayapo. Na ule mmeto wa jua kwenye bawa la ndege nyingine, ambao pengine ndio ungekuonya kwamba kuna mtu mbele, unafutwa.

Miwani inayobadilika yenyewe, nyeupe ndani na nyeusi nje, nayo haimfai. Inasubiri mionzi ya urujuanimno ndipo igeuke nyeusi, na kioo cha ndege huzuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo. Rubani anabaki na miwani nyeupe jua linamchoma. Na ikishakuwa nyeusi, kurudi nyeupe inachukua dakika. Ukiingia ndani ya wingu zito huna dakika hizo.

Mionzi yenyewe ndiyo hatari isiyoonekana. Kwa makadirio ya FAA, kila ukipanda futi 1,000, kama mita 300, inaongezeka karibu asilimia 5. Ndiyo inayochangia mtoto wa jicho, na kile kinyama kinachoota kutoka kona ya jicho ambacho unakiona kwa wakulima na wavuvi wetu wengi. Hapa nesi wa macho alinifundisha jambo ambalo mchuuzi hakuniambia: weusi wa kioo ni kitu kimoja, kinga ya mionzi ni kitu kingine. Kioo cheusi sana kinaweza kupitisha mionzi, na kioo kisicho na rangi kabisa kinaweza kuizuia. Kioo kikiwa cheusi bila kinga, mboni inafunguka ikitafuta mwanga, na mlango unakuwa mkubwa zaidi kwa kile usichokiona. UV400 maana yake kioo kinazuia mionzi hiyo mpaka kipimo cha nanomita 400. Stika yenyewe ni karatasi tu, yeyote anaweza kuichapa. Inapimwa na kifaa.

Nilimuuliza nesi, basi rubani anachagua nini? Akanijibu kama anamjibu mtoto: anachagua kwa ajili ya mwanga uliopo. FAA inasema karibu hivyohivyo kwa maneno marefu. Kioo cha kijivu kinachopitisha kati ya asilimia 15 na 30 ya mwanga, kinga kamili ya mionzi, kisipotoshe mstari, mikono myembamba isiyominya chini ya visikilizio. Na jua likishuka, unavua. Hicho cha mwisho ndicho ambacho hakikuandikwa kwenye kifuko chenye picha ya ndege.

Jumamosi moja tulikusanya miwani iliyobaki, 11, tukaipima sisi wenyewe kwa namna mbili ambazo hazina gharama. Ya kwanza: unashika miwani mbali na uso, mkono umenyooka, unatazama ukingo wa mlango kupitia kioo, unasogeza taratibu. Ukingo ukicheza kama nyoka, kioo kimepinda. Miwani 6 ilichezesha mlango. Ya pili: unatazama skrini ya simu, unazungusha miwani kama usukani. Miwani 2 iliifanya simu iwe nyeusi, kumbe zilikuwa polaraizi na mchuuzi hakujua. Angejua angetuuzia ghali. Zilizobaki 3 tulimpelekea nesi. Alizikubalia kwa kazi ya mchana, akasema kinga ya mionzi hawezi kuithibitisha mpaka kifaa kiletwe kutoka hospitali ya mkoa. Kilipokuja, moja ilishindwa.

Rubani alikuwepo siku ile. Alishika mojawapo ya zile mbili zilizopita, akaigeuza, akaiangalia. Haikuwa ya dhahabu, ilikuwa na mkono mmoja uliofungwa kwa waya wa umeme. Akasema, "Kwa hiyo ya marubani ni hii mbaya." Nikamwambia ndiyo. Akaivaa, akaangalia mlango, akanyamaza.

Zile mbili zinakaa kwenye sanduku la kikundi. Anayebeba mzigo mchana anasaini daftari, anachukua, anarudisha kabla ya saa kumi na moja jioni. Yule mama mkono wake umeunga, ingawa dumu la lita 20 bado hawezi kulinyanyua, na vijana wa baiskeli wanamchotea maji kwa zamu. Zamu ya Jumatano ni yangu.